Fikra za mjasiriamali: tuzipime kwa daftari, banda na kaunta

Mizani ya Kaunta (mtoa mada)

Wakuu, salaam.

Kila semina ya ujasiriamali inasema "badilisha fikra". Ukiuliza zibadilike vipi, na kesho saa mbili asubuhi ufungue duka ufanye nini ambacho jana hukukifanya, unaishia kupigiwa makofi. Naomba tulijibu swali hilo hapa kwa vitendo na kwa namba, kwa biashara za saizi yetu: duka la rejareja, genge, kuku, ushonaji, mama lishe.

Naanza na jambo lililopimwa. Lomé, mji mkuu wa Togo, wafanyabiashara wadogo 1,500 waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu ya watu 500. Kundi moja lilifundishwa biashara kwa mtindo tuliouzoea: hesabu, masoko, usimamizi wa fedha. La pili lilipewa mafunzo ya kisaikolojia yaliyotokana na kazi ya mwanasaikolojia Mjerumani Michael Frese: kuanza jambo mwenyewe bila kusubiri kusukumwa, kutazama mbele, na kuendelea pale kikwazo kinapotokea. La tatu halikufundishwa kitu. Madarasa yalichukua wiki nne, kisha mkufunzi akawa anamtembelea kila mmoja kwenye biashara yake mara moja kwa mwezi kwa miezi minne.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2017 katika jarida la Science. Faida ya kundi la pili ilipanda kwa 30% ukililinganisha na lile lisilofundishwa. Kundi la hesabu na masoko lilipanda kwa 11%, na kitakwimu kiasi hicho hakikutosha kuthibitisha kuwa ni mafunzo yaliyokileta.

Kwa hiyo fikra zina uzito, na zinafundishika. Lakini tazameni zilivyofundishwa: kwa mazoezi na kwa kufuatwa dukani. Hakuna aliyeambiwa "jiamini, utafika".

Mimi nazigawa fikra hizo katika maswali matatu ambayo mtu anapaswa kuwa na majibu yake kwenye karatasi kabla ya kutoa shilingi:

1. Niko tayari kupoteza kiasi gani, na nikikipoteza nyumbani kwangu patakuwaje?
2. Nani atanunua, lini, na nimejuaje?
3. Kitu gani kitaharibika kwanza, na siku kikiharibika nafanya nini?

La kwanza ndilo watu wanaliruka. Mwaka 2001 mtafiti Saras Sarasvathy alichapisha uchambuzi wake kuhusu namna wajasiriamali wazoefu wanavyoamua. Alichokiona ni kwamba hawaanzi na "nitapata ngapi", wanaanza na hasara wanayoweza kuibeba. Wewe mwenye milioni 2 ya kiinua mgongo, ukiambiwa mradi fulani unalipa mara mbili, akili inakimbilia milioni 4. Irudishe nyuma. Toa kodi ya nyumba ya miezi mitatu, toa ada ya watoto ya muhula ujao, toa chakula cha miezi mitatu. Kilichobaki, kigawe mara tatu, uanze na theluthi moja. Hizo theluthi mbili ni jaribio la pili na la tatu. Jaribio la kwanza karibu kila mara lina kosa ndani yake, na anayeweka zote siku ya kwanza hana cha kulisahihishia.

Karibuni.

---

Banda la Tano

Mtoa mada umefungua mlango mzuri. Acha niyajaze hayo maswali matatu kwa kuku wa nyama, maana huu ndio mradi unaongoza kwa watu kuingia na hamasa na kutoka na madeni.

Chukulia vifaranga 100. Bei zinatofautiana kwa mkoa na msimu, weka za kwako. Mimi natumia hizi kama mfano tu.

Vifaranga 100 kwa 1,800: 180,000
Chakula mifuko 7 ya kilo 50 kwa 75,000: 525,000
Chanjo na vitamini: 30,000
Mkaa na maranda: 50,000
Maji na umeme: 15,000
Jumla: 800,000

Wakifa watano, wanabaki 95. Gawa: kila kuku amekugharimu 8,421 kabla hajatoka bandani. Hapo nguvu kazi yako hujailipa, na banda, vyombo vya maji na vya chakula hujavihesabu.

Ukiuza kwa 9,000 unapata 855,000, faida 55,000. Mnunuzi akishusha hadi 8,500 unapata 807,500, faida 7,500. Wakifa kumi badala ya watano, kwa bei hiyohiyo ya 8,500 unapata 765,000, hasara 35,000. Yaani shilingi mia tano na kuku watano ndio umbali kati ya anayepiga picha na kuku wake na anayelifunga banda.

Sasa swali la pili, nani atanunua. Kuku hawa wanatakiwa kutoka kati ya siku ya 35 na ya 42. Wakifika siku ya 35 na mteja hujampata, wiki moja ya ziada kila kuku anakula kama kilo 1 na kidogo. Kwa kuku 95 ni karibu mifuko miwili, 150,000. Ili usipate hasara kwenye hiyo wiki peke yake, bei ya kila kuku lazima ipande kwa karibu 1,600. Uzito utaongezeka, lakini mnunuzi wa mtaani anayenunua kwa kichwa hakulipi uzito wote huo.

Kwa hiyo mauzo yanafanyika kabla ya vifaranga. Utaratibu ni huu:

Kabla ya kuweka oda, tembelea wanunuzi 15: baa zenye jiko, wachoma kuku, mama lishe, mabucha ya kuku, wapishi wa sherehe. Usiwaulize "mtanunua kuku wangu?" Watasema ndiyo kwa adabu. Waulize wananunua wangapi kwa wiki, kwa nani, kwa bei gani, hai au aliyechinjwa, na kitu gani kinawaudhi kwa wanayemnunulia sasa. Jibu la swali la mwisho ndilo biashara yako. Mmoja atakwambia kuku wanafika saa sita wakati yeye anataka saa mbili asubuhi. Mwingine atasema anachanganyiwa wakubwa na wadogo.

Siku ya 21 rudi kwao ukiwa na uzito wa kuku kumi uliowapima. Siku ya 28 chukua oda kwa idadi na tarehe, na ikiwezekana malipo ya awali hata ya kuku watano. Ukifika siku ya 30 bila oda za angalau nusu ya banda, anza kuuza wadogo kidogo kidogo kuanzia hapo, usingoje wote wafike kilo 2.

---

Kijana wa Fremu

Mkuu Banda la Tano, na swali la tatu, kinachoharibika kwanza?

---

Banda la Tano

Wiki ya kwanza, joto. Kifaranga wa siku moja anahitaji nyuzi 32 hadi 35 usawa wa mgongo wake, kisha unapunguza takriban nyuzi 3 kila wiki. Usiamini kipimajoto kilichotundikwa ukutani, tazama vifaranga. Wakijikusanya chini ya jiko ni baridi. Wakikimbilia kingo huku wamefungua midomo ni joto. Wakijazana upande mmoja kuna upepo unaingia upande wa pili. Wakitawanyika wanakula, acha hivyohivyo. Mkaa unaoisha saa tisa usiku ndio unaoua, na asubuhi mtu anasema kaletewa vifaranga wabovu.

Pili, chanjo iliyokufa. Ratiba inayotumika sana ni kideri siku ya 7, gumboro siku ya 14, kideri tena siku ya 21. Fuata ya daktari wa mifugo wa eneo lako, maana magonjwa hayafanani. Watu wanafuata ratiba vizuri na kuku wanakufa kwa sababu chanjo ilitiwa kwenye maji ya bomba yenye klorini, ikafa kabla ya kunywewa. Tumia maji yasiyo na klorini, au weka maziwa ya unga yasiyo na mafuta gramu 2 hadi 2.5 kwa lita kabla ya kutia chanjo. Wanyime maji saa moja mpaka mbili kwanza, kisha hakikisha wameyamaliza ndani ya saa mbili. Chanjo isafiri kwenye barafu tangu dukani, si mfukoni.

Tatu, msongamano. Kuku kumi kwa mita moja ya mraba. Anayesema "wataenea tu" huwa amewahesabu wakiwa vifaranga.

Hayo yote ni ya kuandikwa kabla. Mtu aliyeandika "mkaa ukiisha usiku, gunia la akiba liko hapa, na zamu ya saa nane ni ya fulani" ana fikra za biashara, hata kama hajawahi kukanyaga semina.

---

Mama Hisa

Asanteni. Niongeze upande wa mkopo, kwa sababu swali la kwanza la mtoa mada linavunjikia hapo. Mtu anasema yuko tayari kupoteza 600,000, kumbe hiyo 600,000 si yake.

Tuseme umekopa 300,000 kwa wale wa kukausha damu, yaani wakopeshaji wa mtaani wa riba kubwa, unarudisha 13,000 kila siku kwa siku 30. Jumla 390,000. Watu wanasema riba ni 30% kwa mwezi. Ni zaidi ya hapo. Kila siku unarudisha 10,000 ya mtaji na 3,000 ya riba, kwa hiyo siku ya 15 mkononi umebaki na nusu tu ya hela yao. Ukichukua wastani wa deni kwa siku zote 30 ni 155,000. Riba 90,000 kwa deni la wastani la 155,000 ni karibu 58% kwa mwezi. Tafuteni biashara halali inayotoa hiyo.

Na kuna kosa la pili ndani yake, ambalo hata mkopo wenye riba nafuu unalo. Kuku wa nyama hakuingizii hata mia kwa siku 35. Marejesho yanaanza kesho. Hizo 13,000 za kila siku zitatoka wapi? Zitatoka kwenye chakula cha kuku. Utapunguza mfuko mmoja, kuku watachelewa kufika uzito, na hesabu ya mkuu Banda la Tano inakugeukia. Deni la kila siku linabebwa na biashara inayouza kila siku: chapati, chai, mboga, vocha. Mradi unaovunwa mara moja unataka mkopo unaolipwa mara moja mwishoni.

Kwa anayehitaji kukopa kweli, utaratibu ninaoushauri:

VICOBA (benki za kijamii za vijijini) au kikundi cha hisa kwanza. Kawaida unakopeshwa hadi mara tatu ya hisa zako, riba inabaki kwenye kikundi na mwisho wa mzunguko inarudi kwenu kama gawio. Faida nyingine ni kwamba ukinunua hisa kila wiki kwa miezi sita unajua kama una nidhamu ya kurejesha, na unaijua kabla ya deni.

Mikopo ya 10% ya mapato ya ndani ya halmashauri haina riba: 4% wanawake, 4% vijana, 2% watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023 na utaratibu mpya ukaanza 2024. Inakwenda kwa vikundi, na kinachoangusha vikundi vingi ni kuundwa wiki moja kabla ya maombi na watu wasiofanya kazi pamoja. Fikeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata mkiwa na daftari la kikundi lenye miezi kadhaa ya vikao na michango.

Taasisi za fedha: uliza leseni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ni ya mwaka 2018, na Benki Kuu inatoa leseni kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wasiopokea amana, na kuwawekea ukomo wa riba wa 3.5% kwa mwezi. Mkopeshaji asiyekupa mkataba wa kusoma nyumbani kabla ya kusaini, muache.

Jaribio dogo la fikra: andika chanzo cha fedha ya marejesho ya kwanza. Ukiandika "faida", umekwama, maana faida bado haijazaliwa. Andika jina la mteja au siku ya gulio.

---

Msomaji wa Ubungo

Nauliza bila ubishi. Mtoa mada ametuambia kwamba Lomé kundi lililofundishwa hesabu halikuonyesha faida ya uhakika. Kisha uzi mzima umejaa hesabu, na nadhani ukurasa unaofuata tutaambiwa tununue madaftari. Hamuoni kwamba mnajipinga?

---

Mizani ya Kaunta (mtoa mada)

Hili ndilo swali nililotamani liulizwe, nashukuru sana.

Hesabu zilizofundishwa peke yake zina hatari ya kubaki kumbukumbu. Mtu anaandika mauzo kila jioni miezi sita, daftari linajaa, na duka ni lilelile: bidhaa zilezile, bei zilezile, mteja yuleyule anayekopa. Namba haijamfanya abadilishe kitu. Yule mwenye fikra ya kujianzia anaitumia namba kama mlango: imeshuka, kwa nini, kesho nijaribu nini? Mfano mmoja uliotajwa kutoka Togo ni mama aliyekuwa anakodisha magauni ya harusi. Baada ya mafunzo akaongeza kuuza vinavyoandamana na gauni, kama shela na glovu. Mteja ni yuleyule aliyekwisha kuingia dukani. Hilo halitoki kwenye safu za daftari, linatoka kwenye kujiuliza bibi harusi akitoka hapa anakwenda kununua nini kwa jirani.

Kwa hiyo daftari langu lina sheria moja: kila Jumapili lazima litoe uamuzi mmoja wa kujaribiwa Jumatatu hadi Jumamosi. Nionyeshe kwa duka la rejareja.

Safu za kila siku: tarehe, mauzo ya taslimu, mauzo ya simu, yaliyokopeshwa, madeni yaliyolipwa, manunuzi, matumizi, kilichokwenda nyumbani. Dakika kumi wakati wa kufunga, kabla ya kutoa ufunguo. Ukisema "nitaandika nikifika nyumbani" hakuna kitakachoandikwa.

Jumapili hesabu mzigo uliomo dukani kwa bei ya kununulia. Mfano:

Mzigo wa Jumapili iliyopita: 1,200,000
Jumlisha manunuzi ya wiki: 800,000
Toa mzigo wa leo: 1,100,000
Bidhaa zilizoondoka: 900,000

Kama bei zako zinaongeza 20% juu ya ununuzi, mauzo, pamoja na yaliyokopeshwa, yanatakiwa kuwa 1,080,000. Daftari linasema 1,010,000. Zimepungua 70,000. Hapo mtu wa kawaida anamwita msaidizi wa duka mwizi. Mjasiriamali anaorodhesha njia zote ambazo 70,000 inaweza kupita: bidhaa iliyochukuliwa nyumbani bila kuandikwa, mkopo uliosahaulika, bei ya jumla iliyopanda huku ya rejareja ikibaki, bidhaa iliyoharibika, kipimo kilichozidi, na ndiyo, pengine wizi. Kisha anachagua moja ya kuichunguza wiki hii.

Kipimo peke yake kinatosha kumaliza faida ya sukari. Mfuko wa kilo 50 unatoa robo kilo 200. Ukizidisha gramu 5 kwenye kila robo, na gramu 5 ni kama kijiko kimoja cha chai, umegawa kilo nzima. Kwa bidhaa ambayo faida ya mfuko mara nyingi ni ya kilo chache tu, hiyo ni sehemu kubwa ya jasho lako. Uamuzi wa Jumatatu: robo zote zifungwe asubuhi kwa mizani, hakuna kupima kwa haraka mteja amesimama.

Mfano mwingine, punguzo. Umenunua 1,000, unauza 1,200, faida 200. Mteja anaomba apunguziwe "asilimia kumi tu". Hiyo ni 120. Umempa 60% ya faida yako kwa tabasamu. Ili upate faida ileile ya 200 kwa faida iliyobaki ya 80 unahitaji kuuza mbili na nusu. Kabla ya kushusha bei, jiulize kama kweli watakuja mara mbili na nusu ya wateja. Mara nyingi ni afadhali kumpa anayenunua vitu vitano kiberiti cha bure kuliko kushusha bei ya kila kitu.

---

Kijana wa Fremu

Naomba kuuliza kuhusu kuigana. Mtaani fremu sita zinafuatana, zote unga, soda, vocha, sabuni. Mtu ataonekanaje?

---

Mizani ya Kaunta (mtoa mada)

Mdogo wangu, fanya zoezi hili siku saba. Weka karatasi chini ya kaunta. Kila mteja akiuliza kitu ambacho huna, usiseme "hakuna" tu. Kiandike, na saa yake. Mwisho wa wiki hesabu. Vilivyoulizwa mara tano au zaidi, nunua kidogo sana, vipande sita au kumi, uone vinaondoka kwa siku ngapi. Vikikaa wiki mbili, acha. Vikitoka siku mbili, ongeza. Orodha hiyo jirani yako hana, kwa sababu yeye anasema "hakuna" na kuendelea na simu.

Tazama na saa. Kama kati ya saa kumi na moja na moja asubuhi watu wanapita kwenda kituoni na fremu zote sita zimefungwa, hapo tofauti yako si bidhaa, ni saa ya kufungua. Jaribu wiki mbili, andika mauzo ya kabla ya saa moja kwenye mstari wake. Yakilipa usafiri wako na umeme, endelea.

---

Mama Hisa

Na ndugu, wakuu. Hapa fikra inapimwa vibaya kuliko sehemu nyingine. Shangazi anakuja anachukua kilo mbili za mchele, "mwanangu nitakupa". Kumkatalia ni aibu, kumpa kila wiki ni kufunga duka.

Utaratibu unaohifadhi heshima: jilipe mshahara. Chukua wastani wa faida halisi ya miezi mitatu, jilipe nusu yake, kwa tarehe moja ya mwezi, kama mwajiriwa. Nusu nyingine ni ya biashara: kuongeza mzigo na akiba ya dharura. Msaada wa ndugu unatoka kwenye mshahara wako. Shangazi akija unampa mchele, kisha unaingiza hela ya mchele kwenye droo kutoka mfukoni mwako, jioni hiyohiyo. Mshahara ukiisha tarehe 20, una jibu la kweli: "Shangazi, mwezi huu nimeishiwa, tarehe moja nitakuona." Hujamdanganya, na duka halijaguswa.

Kwa hili laini mbili za simu ni lazima, au lipa namba ya biashara. Mauzo ya simu yakiingia kwenye laini ileile unayotumia kununua bando na kumtumia mdogo wako nauli, mwisho wa wiki hakuna mtu duniani atakayekutenganishia.

Mikopo ya wateja: weka ukomo wa jumla, si wa mtu mmoja mmoja. Mfano, madeni yote ya nje yasizidi 5% ya mzigo. Mzigo wa 1,100,000, madeni 55,000 basi. Ikifika hapo, hata mteja mzuri anaambiwa "nafasi imejaa, fulani akilipa nakupa wewe". Inaeleweka na haimdhalilishi mtu.

---

Karani wa Zamani

Niongeze jambo moja la TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania, ambalo watu wanaliogopa bila sababu. Kwa mfanyabiashara mdogo asiyetengeneza hesabu za ukaguzi, kodi inakadiriwa kwa mauzo ya mwaka, na mwenye kumbukumbu anatozwa tofauti na asiye nazo. Kwa viwango vya mwaka wa fedha 2022/23, mauzo ya chini ya milioni 4 hayakutozwa. Kati ya milioni 4 na 7, asiye na kumbukumbu alilipa 100,000, mwenye kumbukumbu alilipa 3% ya kile kinachozidi milioni 4. Ukiwa na mauzo ya milioni 5 ni 30,000 dhidi ya 100,000. Viwango hubadilishwa na sheria ya fedha ya kila mwaka, kwa hiyo thibitisha vya sasa ofisini kwao kabla ya kukadiriwa. Namba ya mlipakodi hutolewa bure. Anayekuomba hela ya "kuharakisha" anakuibia. Jina la biashara linasajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa mtandao, na leseni inatoka halmashauri.

Anayesindika chakula, kama unga wa lishe, pilipili au siagi ya karanga, aanzie SIDO, shirika la viwanda vidogo, ya mkoa wake apate ushauri na barua ya utambulisho kwenda TBS, shirika la viwango. Kosa la kawaida ni kuchapisha vifungashio 5,000 kabla ya alama ya ubora, kisha kukuta lebo inatakiwa ibadilishwe. Chapisha 200 za kubandika kwanza.

---

Msomaji wa Ubungo

Nimeridhika na jibu la Jumatatu. Limebaki moja. Mnasema kutokata tamaa. Lini kuendelea ni ushupavu na lini ni kuzama?

---

Banda la Tano

Huwezi kulijibu ukiwa ndani ya hasara, kwa sababu fedha iliyokwisha kutoka inakuvuta: "nimeshaweka milioni, siwezi kuacha." Hiyo milioni imekwenda, ukiendelea au ukiacha. Swali la haki ni moja: kama leo ningekuwa na hela iliyobaki tu, na sijawahi kufuga, ningeanza?

Ndiyo maana mwisho unaandikwa mwanzoni. Kwa kuku, kabla ya vifaranga wa kwanza, andika: nitafanya awamu tatu. Baada ya kila awamu nitajaza vitu vinne: waliokufa wangapi kwa mia, kilo za chakula kwa kila kilo ya kuku, asilimia iliyouzwa kabla ya siku ya 35, na faida baada ya kujilipa. Chakula kikiwa kilo 1.7 hadi 2 kwa kilo moja ya kuku uko vizuri, ikifika 2.3 tafuta panya, vyombo vinavyomwaga, au chakula kibovu.

Kisha soma mwelekeo. Awamu ya kwanza vifo 12, ya pili 7, ya tatu 4, faida bado ndogo: endelea, unajifunza na namba zinakwambia hivyo. Vifo 4, 4, 4 na faida haipo awamu zote tatu: ufugaji wako ni mzuri, soko lako ndilo bovu, badilisha wanunuzi au uza aliyechinjwa. Vifo 12, 11, 13: simama, usinunue vifaranga wengine mpaka daktari wa mifugo ameliona banda likiwa tupu.

---

Kijana wa Fremu

Mimi naanza na zoezi la karatasi chini ya kaunta. Mtoa mada, Jumapili ya kwanza niandike nini hasa?

---

Mizani ya Kaunta (mtoa mada)

Mistari mitano, ukurasa mmoja, na kila Jumapili ukurasa mpya:

Namba iliyonishangaza wiki hii.
Sababu tatu zinazowezekana.
Nitakachojaribu Jumatatu hadi Jumamosi, kimoja tu.
Kitakachonigharimu kikishindikana, kwa shilingi.
Nitajuaje Jumamosi jioni kama kimefanya kazi.

Mstari wa nne ukizidi faida ya wiki moja, punguza ukubwa wa jaribio. Badala ya katoni chukua vipande sita, badala ya kufungua alfajiri kila siku fungua Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Na mstari wa tano uwe na namba ndani yake. "Wateja wameongezeka" hapana. "Mauzo ya kabla ya saa moja yamefika 15,000 kwa siku" ndiyo. Ukimaliza kurasa nne, ziweke hapa bila jina la duka wala mtaa, tuzisome pamoja.